Ripoti ya faiawali ikija tupu

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia mtandao wa ofisi yenye kompyuta kama 60. Miezi mitatu iliyopita tulifunga faiawali mpya (kifaa cha kulinda mtandao), nikaipanga itoe ripoti ya wiki na kuituma kwa barua pepe kila Jumatatu. Mwanzoni zilikuja kurasa kumi na kitu. Sasa ni wiki ya nne unakuja ukurasa mmoja tu: vitisho 0, majaribio yaliyozuiwa 0. Bosi amefurahi, anasema hela yake imefanya kazi. Kuna jamaa pia anataka kutuuzia programu ya kupendezesha ripoti. Nitulie, au kuna jambo?

Jibu: Kuna jambo, ndugu yangu, na bosi asubiri kidogo kufurahi. Anwani yoyote ya IP inayoonekana kwenye intaneti hupigiwa hodi usiku na mchana na mashine zinazopekua poti, yaani milango ya mtandao. Wiki nne bila hodi hata moja? Haiwezekani. Ama kifaa hakiandiki, ama kinaandika na ripoti haisomi. Vingekuwa vitisho peke yake ndivyo 0, ningeshuku leseni imeisha. Lakini hata yaliyozuiwa ni 0, basi shida iko kwenye logi, yaani kumbukumbu za matukio ambazo kifaa huandika.

Kinachonichosha ni kwamba kila nikiletewa kisa hiki nakuta watu wanahangaika na kiolezo cha ripoti: wanabadilisha rangi, wanaongeza chati za duara. Ripoti yenyewe haijui kitu, inasoma logi tu. Logi zikikatika itakuletea ukurasa mtupu kwa adabu ile ile, nembo ya kampuni ikiwa juu.

Ingia kwenye kifaa chenyewe, fungua logi ghafi, uanze na saa. Niliwahi kuitwa mahali ambapo umeme ulikatika, betri ya ubao ilikuwa imekufa, na kifaa kikaamka kikidhani ni tarehe 1 Januari 1970. Logi zilikuwepo maelfu, zimepangana vizuri. Ripoti ya "siku 7 zilizopita" ikazitafuta kwenye wiki ile, ikazikosa. Mafundi walikuwa wameshaifuta programu ya ripoti na kuiweka upya mara mbili! Dawa ilikuwa kukielekeza kifaa kwenye seva ya NTP (inayotoa saa sahihi kupitia mtandao) na kubadilisha betri.

Saa ikiwa sawa, angalia kama diski imejaa, kisha njia zinakopitia logi. Kama unatumia syslog (njia ya kutuma logi kwenye seva) kwa UDP, poti 514, ujue UDP haiulizi kama mzigo umefika. Seva ya logi ikizimwa au ikibadilishiwa anwani, faiawali itaendelea kuzirusha hewani bila kulalamika. Hamia TCP, ambayo huuliza, na ikiwezekana TLS, inayoficha mzigo kwa msimbo, kwenye poti 6514. Kagua pia kanuni zako: kwenye vifaa vingi ile ya mwisho, inayokataa kila kisichoruhusiwa, haiandiki chochote mpaka uiwashie logi. Kwako si mtuhumiwa wa kwanza, maana mwanzoni zilikuwa zikija, ila huwezi kujua nani kaingia akagusa.

Ukimaliza, ijaribu. Pakua faili ya EICAR, ile ya herufi 68 iliyotengenezwa makusudi ili antivairasi ziikamate, haina madhara. Ipakue kwa HTTP, kisha kwa HTTPS, ambayo imesimbwa (imefichwa kwa msimbo). Ikikamatwa ya kwanza tu, basi kifaa chako hakioni ndani ya trafiki iliyosimbwa, na siku hizi sehemu kubwa ya trafiki ya wavuti imesimbwa. Hilo ni kubwa kuliko ulichouliza.

Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, iliyajua hayo mwaka 2017. Kifaa cha kukagua trafiki kilikuwepo, lakini cheti chake cha kidijitali kilikuwa kimeisha muda, kwa hiyo iliyosimbwa ilipita bila kutazamwa. Wezi walikaa ndani siku 76, wakaondoka na taarifa za watu wapatao milioni 147. Cheti kilipobadilishwa mwishoni mwa Julai, trafiki ya kutia shaka ikaonekana pale pale.

Ndiyo maana sina subira na wanaojiita washauri wa usalama ambao kazi yao nzima ni kuchapisha "mashambulizi 40,000 yamezuiwa" na kuambatanisha ankara. Yaliyozuiwa yameshazuiwa. Mimi huanza na yaliyoruhusiwa: seva ya hifadhidata inayozungumza na nje saa nane usiku, kompyuta ya mhasibu iliyopandisha gigabaiti 12 siku ya Jumapili. Ukurasa huo hauna rangi na bosi hataupenda, lakini ndio wa kusoma.

Huyo jamaa wa programu muulize swali moja kabla hujatoa hata senti: faiawali ikinyamaza kabisa, ripoti yake itaonyesha nini? Akijibu sifuri ya kijani, mfungulie mlango aende. Wewe, leo hii, weka kwenye seva ya logi tahadhari ya kukupigia kelele ikipita dakika 15 bila kupokea hata mstari mmoja kutoka kwenye faiawali.