Gari lililofutiwa usajili: anza na karatasi

Ndugu, umeuliza uanzie wapi na gari kuukuu lililofutiwa usajili, limelala uani miaka. Usikimbilie fundi. Chukua tambara, sugua vumbi na kutu, usome namba ya chasisi herufi kwa herufi huku umeshika kadi ya gari. Ikipishana hata tarakimu moja, hapo ndipo pa kuanzia. Kisha uliza mamlaka ya usajili lilifutwa kwa nini. Kama liliandikwa chakavu, huenda lisirudi kabisa, na hela ya fundi utakuwa umeitupa. Likikubalika, badilisha mafuta ya breki, na utazame matairi hata kama yanang'aa (yanadanganya hayo!): 2314 ubavuni maana yake yalitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2014. Ukilipeleka kwenye ukaguzi, lipakie kwenye lori, usiliendeshe bila bima.