Barua kwa binti yangu: sala itangulie, simu ifuate

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Unasema unaamka saa 11 alfajiri uwahi gari Kimara, unashika simu kuzima kengele, na kabla hujakanyaga chini umeshajibu watu wa ofisini na kupitia magrupu matatu. Zile dakika 20 ulizotenga kwa sala zinakuwa zimekwisha. Usiku unajaribu tena, unasinzia kabla hujamaliza Baba Yetu. Umeuliza mambo mawili: je, kusali ndani ya basi la mwendokasi kunatosha? Na je, Mungu amekukasirikia?

Nianze na la pili, kwa sababu naona ndilo linalokuumiza. Wewe ni mtoto wake tangu ubatizo. Mtoto aliyepita siku tatu bila kuzungumza na baba yake hafutwi kwenye ukoo. Anachokosa ni baba mwenyewe. Kwa hiyo usisali kama mtu anayelipa faini. Ukikosa Jumanne, Jumatano usifidie kwa kusali mara mbili. Anza pale ulipofika, muda uleule. Wengi huacha kabisa kwa sababu deni walilojiwekea limekuwa kubwa hadi wanaona aibu kurudi.

Sasa la kwanza. Bwana anasema, "Utafuteni kwanza ufalme wake." Neno "kwanza" linahusu kinachotangulia, halihusu urefu. Dakika 15 zilizotangulia simu, chai na kuoga ndizo kwanza. Saa nzima unayompa Mungu endapo itabaki, hiyo ni masalio, hata iwe ndefu namna gani. Sikuambii uamke saa 10. Dakika unazo, zinaliwa tu.

Na zinaliwa kwa sababu kengele yako imo ndani ya simu. Hapo ndipo mlango ulipo. Nunua saa ya mezani yenye kengele, zile za betri, uiweke mbali na kitanda ili usimame kuizima. Simu ichajie upande mwingine wa chumba, ndani ya kabati au kwenye mkoba uliofungwa zipu. Nyamazisha ujumbe, lakini mlio wa kupigiwa uache, maana bibi yako ni mgonjwa na tunaweza kukutafuta usiku. Anayepiga saa 11 alfajiri ana jambo. Anayetuma ujumbe anaweza kungoja dakika 20, hata akiwa bosi.

Kabla ya kulala, weka kitini vitu vinne: Biblia ya karatasi ikiwa na alama mahali pa kusoma kesho, karatasi moja, kalamu, na taa ya kuchaji endapo umeme utakatika. Usiamke ukaanza kutafuta Zaburi ya kusoma, kwa sababu kichwa cha alfajiri hakichagui vizuri. Zifuate tu kwa mpangilio, moja kwa siku. Ziko 150, zitakuchukua karibu miezi mitano, na ile ya 119 yenye aya 176 igawe kwa siku nyingi. Biblia ya kwenye simu ni nzuri safarini. Alfajiri siishauri, kwa kuwa unaifungua kutafuta Neno na juu ya kioo unakuta mtu amekuandikia habari za kodi.

Mwenzako wa chumba mwambie wazi: "Kuanzia saa 11 mpaka na robo sitaongea." Geuza kiti kielekee ukutani, jifunike kanga. Bwana alisema uingie chumba cha ndani ufunge mlango, na kwa mpangaji wa chumba kimoja mlango wa ndani ni huo.

Kuhusu kusali kwenyewe, nakupa njia ya zamani. Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia barua kinyozi wake, Peter, aliyemwuliza namna ya kusali. Alimwambia sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, na ajihadhari na wazo linalosema, "Ngoja kidogo, nitasali baada ya saa moja, kwanza nimalize hili na lile." Unaona wazo hilo lilikuwepo karne nyingi kabla ya simu? Kisha akamfundisha kuchukua amri moja au aya moja na kuisokota kama taji la nyuzi nne: fundisho, shukrani, toba, ombi.

Chukua Amri ya Saba kwa hesabu yetu Walutheri, "Usiibe", uliyoikariri ulipokuwa kipaimara. Dakika 2 za mwanzo nyamaza, pumua, sema tu, "Bwana, nipo." Soma Zaburi yako kwa sauti ya chini, dakika 3. Kisha isome amri. Fundisho: Mungu analinda mali ya kila mtu, yangu na ya mwajiri wangu. Shukrani: asante kwa mshahara wa mwezi huu, kwa godoro, kwa gesi iliyomo. Toba, na hapa usiwe wa jumla: saa za kazi nilizotumia kutazama video, chenji ya mama ntilie niliyokaa nayo kimya. Ombi: mfundishe keshia mwenzangu uaminifu, wakumbuke wanaodai mishahara yao. Uzi mmoja usizidi dakika 2. Malizia kwa Baba Yetu, taratibu, ukituama katika kila ombi kati ya yale saba. Jumla haifiki dakika 20. Ukiona siku hiyo uzi mmoja umekushika moyo, baki hapo na nyingine ziache. Luther mwenyewe alimwambia hivyo kinyozi wake.

Mawazo yatatoroka. Hilo halina mtu asiyelijua. Usipigane nayo, yaandike. Ile karatasi ni kwa ajili hiyo: "kununua luku", "kumjibu mhasibu". Ukishaandika, akili inaacha kukukumbusha, unarudi kwenye aya. Jambo likijirudia kila asubuhi, lihamishie kwenye uzi wa ombi, kwa sababu huenda ndilo unalopaswa kulisali.

Usingizi nao una sababu zake. Ukisinzia asubuhi, nawa uso, simama, soma kwa sauti. Ukisinzia juma zima, tazama saa unayolala. Zaburi ya 127 inasema wazi kwamba ni bure kuamka mapema na kukawia kwenda kulala, na kwamba Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Basi usingizi ni zawadi yake, usimnyang'anye kwa kupekua simu hadi saa 6 usiku. Sala ya usiku iwe fupi, na uisali ukiwa umekaa, kabla hujapanda kitandani.

Turudi kwenye mwendokasi. Sali humo, tena sana, ila pawe pa kuendeleza kilichoanza kitini. Umesimama, umebanwa, huwezi kufumba macho wala kuachia mkoba. Kwa hiyo usilazimishe sala ndefu. Vipe vituo majina. Ubungo, ombea walio safarini. Manzese, wafanyabiashara wadogo. Magomeni, wagonjwa unaowajua kwa majina. Jangwani, wale ambao maji huwaingilia majumbani mvua zikizidi. Ukifika Fire, ombea ofisi yako, ukianza na yule mnayesigana naye.

Kuna jambo hukuuliza lakini nalitaja. Mazoezi ya kwaya jioni tatu kwa wiki, kamati ya vijana, mahubiri unayosikiliza ukiwa unapika: vyote ni vyema, na hakuna hata kimoja kinachoshika nafasi ya kukaa na Bwana. Martha alihangaika kwa utumishi mwingi, na aliyekuwa akimtumikia ni Yesu mwenyewe. Utumishi wa kanisani ndio usumbufu mgumu kuutambua, kwa kuwa umevaa joho. Kama jioni moja ya kwaya inakufanya ulale saa 6 na kukosa alfajiri, mwambie mwalimu wa kwaya ukweli, upunguze.

Ibada ya Jumapili huharibika Jumamosi. Piga nguo pasi mchana, sadaka itie kwenye bahasha usiku ili usihangaike na chenji mlangoni, soma masomo ya kesho yake mara moja. Fika dakika 15 kabla. Simu izime kabisa. Ukiitumia kupiga picha kwaya, utajikuta unajibu ujumbe wakati wa maungamo. Na usitoke kabla ya baraka kukimbilia usafiri. Zamu ikikuangukia Jumapili, mwone mchungaji mapema, uulize kama usharika wenu au wa jirani una ibada fupi siku za kazi, na wiki hiyo usikose jumuiya.

Dada yako anashuka Dar Ijumaa. Nimempa saa ya kengele, betri mbili na mkungu wa ndizi. Betri nyingine ni ya akiba. Jumatatu alfajiri anza na Zaburi ya 1. Mimi na baba yako tutaisoma hiyohiyo huku Marangu, saa 11.

Mama yako