Mnaoanza kwenye meli za kichele, jifunzeni chuma kinavyotengenezwa

Vijana mnaoingia kwenye kazi ya kukodisha meli za kichele, naona wengi mnaangalia freti (bei ya kusafirisha mzigo) kila asubuhi lakini hamjui mzigo wenyewe ukifika unafanywa nini, na huko ndo mabadiliko yanatokea.

Iko hivi. Mawe ya chuma, yale ya hematiti, hata yawe safi kabisa asilimia 30 ya uzito ni oksijeni. Yaani Capesize, zile meli kubwa sana za kichele, ya tani 180,000 ikitoka Brazil kwenda China, kama maili 11,000 hivi, inasafirisha oksijeni kibao, halafu kule inatolewa kwenye tanuru kwa makaa ya mawe, karibu kilo 780 kwa kila tani ya chuma, na makaa mengi nayo yanakuja kwa meli. Sasa kiwanda kikijengwa karibu na mgodi, oksijeni ikatolewa hukohuko kwa gesi asilia au haidrojeni, kinachopakiwa ni briketi za chuma. Uzito umepungua karibu theluthi, makaa hayahitajiki tena, na oda zikiwa ndogondogo basi Supramax, meli ndogo kuliko Capesize, ndo zitapata kazi.

Lakini msikimbilie kusema Capesize zimekwisha, jamani. Njia hii inapenda mawe ya chuma ya asilimia 67 hivi, na mengi ya Pilbara kule Australia yako kwenye 60 mpaka 62. Wanunuzi wakigeukia Brazil au Simandou ya Guinea, safari ya China inakuwa karibu mara tatu ya ile ya Port Hedland, bandari ya huko Pilbara, kwa hiyo tani zinaweza kushuka na tani-maili (tani mara umbali wa safari) zikapanda. Hesabuni tani-maili kwanza! Na mimi naona itaenda polepole, matanuru mengi ya China bado hayajazeeka.

Kingine ambacho naomba sana mkichukulie serious ni usalama. Chuma hiki kilichotolewa oksijeni, kwa Kiingereza direct reduced iron au DRI, kikipata maji kinatoa haidrojeni na joto. Mwaka 2004 meli ya Ythan ililipuka karibu na Kolombia ikiwa na chengachenga za chuma hiki kutoka Venezuela, wakafa sita, nahodha akiwemo. Kwa hiyo shipa, yaani anayesafirisha mzigo, akikwambia tu "ni chuma", usifunge mkataba, muulize kwa maandishi ni DRI aina ya A, B, C au D, unyevu na joto vikoje, halafu fungua IMSBC Code, kanuni za kimataifa za mizigo ya kichele, usome masharti ya aina hiyo kabla hujamtafuta mwenye meli.