MGB ya 1977: bampa acha kwanza, angalia sili

Mkuu umesema umepata MGB ya 1977, kile kigari cha michezo cha Kiingereza, ile ya wazi, unataka kung'oa mabampa meusi uweke ya kromi halafu upige rangi, ukauliza uanzie wapi. Mi nimeifufua ya 1976 hapa Leicester, Uingereza, imenila winta mbili, na nakuomba sana bampa acha kwanza, lala chini uangalie sili, zile boksi za bati chini ya milango.

Hiyo gari haina chesisi, bodi yenyewe ndo chesisi, na kwa vile haina paa uzito mwingi unabebwa na sili. Na sili siyo bati moja, kuna la nje, la katikati, la ndani, halafu chini kuna reli, kutu inaanzia huko ndani we nje unaona rangi inang'aa tu. Yangu nilipitisha sumaku ikawa haishiki, bati limeisha, puti tupu, ile ya kuzibia mashimo.

Nikakata ya kushoto bila kufunga chochote mlangoni, nikachomelea bati jipya, kurudisha mlango haufungi, bodi imelala katikati na pengo la juu limebana kabisa. Iliniuma, nikakata kazi yangu yote. Mara ya pili nikafunga bomba la mraba kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, pande zote mbili, nikapima mapengo nikaandika, ndo nikakata upande mmoja mpaka ukaisha. Usichomelee moja kwa moja, shika kwanza kwa nukta chache za kuchomelea, rudisha mlango, ufunge, ukikaa sawa endelea.

Haya bampa. Hizo nyeusi tunaziita za mpira ila ni poliyurethani juu ya chuma, zilikuja mwishoni mwa 1974 sababu ya sheria za Marekani, na gari ikainuliwa hapohapo. Kuweka kromi siyo kufungua nati tu, indiketa zako za mbele zimo ndani ya bampa, kwenye gari za kromi zinakaa kwenye fenda, kwa hiyo utatoboa fenda, utatafuta grili nyingine, utatengeneza na mabati ya kona mbele na nyuma, na ukimaliza gari bado imesimama juu mpaka uguse springi.

Mi nilibaki na nyeusi na naipenda. Zilikuwa zimepauka kijivu, nikaziosha mpaka polishi ya zamani ikatoka yote, msasa laini, praima ya plastiki, halafu rangi nyeusi inayonyumbulika, maana rangi ya kawaida inapasuka. Zitoe kabisa wakati wa kazi, kile chuma cha ndani nacho kinaoza.

Rangi ikishakauka pulizia nta ndani ya sili, na hakikisha matundu ya kutolea maji hayajazibwa. Kabla hujakata chochote tupia picha za chini hapa, tuzione.