Ukimpigia simu ya video mgonjwa wa nyonga, tazama nyumba kwanza

Ninyi mnaoanza kufuatilia wagonjwa waliowekewa nyonga bandia, mtagundua haraka kwamba swali la "unaendeleaje?" halina kazi. Jibu ni moja: "Naendelea vizuri, tunamshukuru Mungu." Atalitoa hata mwenye mguu uliovimba. Mgonjwa hakai wodini siku nyingi. Akishaweza kutembea na wokaa, ile fremu ya kutembelea, anarudi kwake Tanga au Songea, na hatari nyingi zinamkuta huko. Simu ya video ina faida moja ambayo kliniki haina: inakuingiza nyumbani mwake.

Kabla ya kupiga, soma maelezo ya upasuaji. Aliyepasuliwa kwa nyuma ya nyonga kwa kawaida hukatazwa kwa wiki kadhaa za mwanzo kukunja nyonga kupita nyuzi 90, kupishanisha miguu na kugeuza mguu kwa ndani. Aliyepasuliwa kwa mbele ana masharti mengine. Usiwape wote wimbo mmoja.

Kisha omba uonyeshwe anapokaa, anapolala na choo. Mama mmoja aliniambia anakaa kwenye kiti kama tulivyomfundisha. Nikamwomba mjukuu aishushe simu: bibi alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi, magoti yamekaribia kifua. Hakuwa anadanganya, kwake mbuzi ni kiti. Tangu hapo sisemi "usikae chini." Nasema: ukikaa, magoti yasipande juu ya nyonga, basi kigoda, mkeka, mbuzi na choo cha kuchuchumaa vyote havifai kwa sasa. Kwa choo, fundi wa mtaani anaweza kutoboa kiti imara cha mbao kikawekwa juu ya tundu, mradi hakiyumbi. Na Mwislamu mwambie mapema aswali akiwa kitini, usisubiri aulize. Wengi wanaona aibu kuuliza, wanasujudu kimyakimya.

Kumwona anavyotembea kunahitaji msaidizi. Simu ilazwe kwa upana, ishikwe usawa wa kiuno, mita mbili tatu kutoka kwake, dirisha likiwa nyuma ya mpiga picha. Atembee kukujia, kisha apite kwa ubavu. Angalia kama kiuno kinashuka upande mmoja anapokanyaga mguu uliopasuliwa. Hapo misuli ya nyonga bado dhaifu. Intaneti ikisumbua, atume video fupi. Mazungumzo fanya na mgonjwa mwenyewe, hata kama simu ni ya mwanawe. Watoto wetu hupenda kuwajibia wazazi.

Kidonda kipigwe picha mchana, bila flashi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi kirahisi, kwa hiyo usiutegemee. Uliza joto, uvimbe, ngozi kung'aa, majimaji, harufu, na kama nguo inagandamana na kidonda asubuhi. Kidonda kinachoendelea kutoa majimaji hakitibiwi kwa simu, na usimwandikie antibayotiki "tuone kwanza." Mrudishe kwa daktari wa upasuaji.

Kuhusu damu kuganda, mwambie msaidizi apime vigimbi vyote viwili kwa futi ya fundi cherehani, mahali palepale kwa kila mguu. Tofauti ikizidi sentimita 3, au kigimbi kikiuma, aende hospitali siku hiyohiyo. Akibanwa pumzi ghafla, hiyo ni dharura. Kata maongezi, mpangie usafiri. Uliza pia kama dawa ya kuzuia damu kuganda bado ipo, maana kwa wengi huendelea hadi siku 35 na huwaishia njiani kwa sababu ya bei. Na sisitiza sana: kigimbi kilichovimba hakichuliwi. Shangazi mwenye mafuta ya karafuu atakuwa tayari yuko mlangoni.

Nyonga ikichomoka nayo ni dharura: maumivu makali ya ghafla, mguu umefupika, mara nyingi umegeukia ndani. Asikanyage, na mtu yeyote asijaribu kuuvuta.

Picha za paja la mtu zisikae kwenye simu yako pamoja na za harusi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya zimo. Ziingize kwenye faili la mgonjwa, kisha zifute. Kundi la WhatsApp la idara nalo si faili.