Linki ya leza kipindi cha winta: theluji sio shida sana, shida ukungu

Kila Novemba ikikaribia naulizwa swali lile lile, eti theluji ikianza kudondoka hizo leza zenu si zinakufa? Mi nafunga hizi linki, yaani vifaa viwili vinavyotumiana data kwa mwale wa leza hewani bila waya, juu ya mapaa hapa Graz, Austria, na nakwambia theluji inasumbua ndio ila muuaji ni ukungu.

Matone ya ukungu ni madogo mno, yanakaribiana na urefu wa wimbi la leza (nyingi ni nanomita 850 au 1550), kwahiyo mwanga unatawanyika huko na huko na upande wa pili hakifiki kitu. Chembe ya theluji ni kubwa, inaziba kidogo halafu inapita. Sasa Graz iko bondeni, baridi ikilala chini hewa haisogei, ukungu unaweza kushinda siku nzima, na vipimo vya chuo kikuu cha teknolojia cha hapa vilifika hadi desibeli 120 kwa kilomita (desibeli ni kipimo cha mwanga unavyopotea njiani). Piga hesabu basi: linki ya mita 500 inapoteza desibeli 60, hiyo sahau, ila ya mita 200 inapoteza 24 na kifaa kizuri kinavumilia. Muuzaji akikwambia chake kinafika kilomita mbili muulize, za Julai au za Desemba?

Halafu weka redio ya bakapu, yaani linki ya mawimbi ya redio ya kushika leza ikikatika, usibane hela hapo. Redio ya gigahezi 60 ukungu haiujali, yenyewe inaumizwa na mvua kubwa, na kwenye mvua hiyo leza inajitahidi, kwahiyo zinabebana. Ila angalia setingi za kuhama, maana ukungu unakuja na kuondoka ndani ya dakika, rauta ikirukaruka leza redio leza redio, kastoma simu inamkatikia katikati ya maongezi. Mi naiwekea isirudi kwenye leza mpaka mwanga utulie dakika kama tano hivi.

Theluji mbichi ndo ya kuangalia, ile nzito inayonata kwenye kioo, hapo unataka heta ya kioo na kikofia kirefu juu ya lenzi. Na ukilenga kifaa Septemba kukiwa na joto, panda tena asubuhi ya baridi kali upime, chuma cha mlingoti kinasinyaa na mwale wenyewe kwa mita 200 una upana wa sentimita 40 tu.