Kushikatsu: uliza mafuta kabla ya kuuliza nyama

SWALI: Shikamoo mpishi. Mimi ni Mwislamu kutoka Tanga, nimepata nafasi ya masomo Osaka, Japani. Wenzangu wamenialika kula kushikatsu, vile vijiti vyenye vipande vya nyama au mboga vya kukaanga. Nikiagiza ng'ombe, kamba na mboga tu, nitakuwa salama? Na kwa nini wanasema ni mwiko kuchovya kijiti kwenye mchuzi mara mbili?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa masomo.

Kukwepa kijiti cha nguruwe hakutoshi, kwa sababu karai ni moja. Kila kitu, iwe kitunguu, yai la kware au mzizi wa yungiyungi, huchovywa kwenye rojo lilelile la unga, huviringishwa kwenye chenga za mkate zilezile, kisha huzama kwenye mafuta yaleyale yaliyokaanga nguruwe dakika mbili zilizopita. Zaidi ya hapo, mikahawa mingi hupenda mafuta ya wanyama, ya ng'ombe au ya nguruwe, kwa sababu ya harufu na ukavu wa ganda. Hata huyo ng'ombe, usitarajie kuwa amechinjwa kihalali.

Kwa hiyo uliza mapema, kabla hamjaketi: “Buta no abura o tsukaimasu ka?” yaani, mnatumia mafuta ya nguruwe? Ukisikia “raado”, ndiyo hayohayo ya nguruwe. Wakisema ni ya mimea, bado uliza kama kuna karai la pembeni lisiloingia nguruwe. Ushauri wangu ni kuwaomba wenzako mchague mkahawa wenye cheti cha halali. Ukiwaeleza mapema hawatakuona msumbufu.

Sasa mchuzi. Pale Shinsekai, mtaa ulio chini ya mnara wa Tsutenkaku ambako chakula hiki kilipata umaarufu, kwa desturi mchuzi hukaa mezani kwenye chombo cha chuma, na wateja wote huchovya humo. Ukishauma kijiti ukakirudisha, umetia mate yako kwenye chakula cha mgeni usiyemjua. Ni suala la usafi, na mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Zamisha mara moja, kijiti kizima, kabla hujauma. Mchuzi ule ni mwepesi makusudi: chenga za Osaka ni laini sana, huunyonya papo hapo, na ganda likiwa limetoka kwenye mafuta ya nyuzi 170 hadi 180 hubaki likilia mdomoni. Mchuzi ukikupungukia, chukua kipande kikavu cha kabichi mbichi kilichopo mezani, uuchote nacho, uumwagie kijiti. Tangu Uviko-19 mikahawa mingi imeweka chupa, na hapo unajimiminia utakavyo.

Vijiti vitupu usivitupe, viweke kwenye kikombe chake. Baadhi ya mikahawa huvihesabu wakati wa kulipa. Na mkiingia ile ya kifahari inayojiita kushiage, mpishi huweza kuleta kimoja baada ya kingine bila kuagizwa mpaka mwenyewe useme basi, kwa hiyo sema ungali na nafasi tumboni.